Gari la Kwendea kwa Mke Mwenzangu

Wakati wa vita vya shifta, wale waasi waliovizia na kuua watu njiani, magari yalitoka Garissa kwenda Wajir kwa msafara wa askari tu, na gari lililoharibika njiani halikungojewa. Mume wangu alikuwa na gari kuukuu la kubebea sukari na majani ya chai. Huko Wajir alikuwa na mke wa pili. Mimi ni mtu wa Lamu, naye Msomali. Nyumbani tulizungumza Kiswahili. Yule mwenzangu, Msomali kama yeye, alicheka naye kwa lugha ya mama yake, na hilo ndilo lililonichoma kuliko ujana wake.

Asubuhi ya msafara gari likakataa kutulia. Likisimama linatetemeka kama lataka kuzima, likikanyagwa mafuta halina nguvu. Nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Alichomoa waya za plagi moja moja asikie silinda gani imelala, akakuta zote zafanya kazi. Akasafisha kabureta. Wapi!

"Hii gari inataka kuniaibisha, wallahi," alisema.

"Ikuaibishe kwa nani?" nikamuuliza. Alipanda kwenye usukani.

"Mama ya watoto, angalia injini. Mimi nakanyaga bole bole," alisema, p ikimshinda kama kawaida.

Niliinama pale na mwanangu titini. Chini ya kabureta palikuwa na sauti ya kufyonza, ile ile ya mtoto asiyeshika titi vizuri, akameza upepo badala ya maziwa. Niliijua sana sauti hiyo. Ningeweza kunyamaza, na msafara ungeondoka bila yeye. Lakini nilimjua mume wangu: angeondoka na gari bovu hivyo hivyo, mwenye kupenda haoni.

"Baba watoto, linavuta upepo hapa!"

Alifungua kabureta, akakuta gasketi ya kuziba upepo chini yake imepasuka. Akaomba karatasi ngumu akate nyingine. Ndani ya gari kulikuwa na boksi la viatu vipya alivyomnunulia yule. Nililichana kwa mikono miwili, na hicho kilikuwa kitulizo changu cha siku nzima.

Injini ikatulia, ikanguruma vizuri. Msafara ulipoondoka nilisimama barabarani nikiisikiliza inavyovuta, kijiba cha roho kingalipo, huku namwombea Mungu amfikishe. Afadhali alale kwa yule nimnunie, kuliko alale njiani nimlilie.