Shimo la Ndizi za Pombe

Ndizi za pombe zikianza kuiva shimoni, harufu yake hunirudisha ng'ambo ya Mto Kagera, wakati wanajeshi kutoka Uganda walipoteka kijiji chetu na kuanza kuchukua wasichana. Bibi alinilaza shimoni juu ya ndizi zenye joto, akanifunika kwa majani ya mgomba. Nikasikia buti zikisimama.

"Humu kuna nini?"

"Ndizi za pombe, mwanangu. Ukizifunua leo zitaharibika. Rudi keshokutwa, nitakukamulia mwenyewe."

Askari akaondoka akipiga mluzi.

Jioni hiyo tulivuka mto kwa mtumbwi. Keshokutwa yake tulikuwa Nyanga, kwa shangazi. Bibi alipokea kibuyu cha pombe, akanywa funda moja, akafuta midomo.

"Saa hizi yule askari anafukua shimo," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.