Chumvi Ndani ya Kompyuta

Nilikuwa katikati ya milima ya theluji, nikiendesha lori kubwa lililojaa jibini, simu ilipolia. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi hata baiskeli sijui, na kwamba barafu naiona kwenye friji tu, kwa hiyo nieleze: lori lenyewe limo ndani ya kompyuta, na milima pia. Aliyepiga ni muuza vitabu mmoja wa Ukunda, na baada ya kuniuliza hali yangu na ya watu wa nyumbani kwa utaratibu wote unaotakiwa, akasema, "Fundi wetu ametutoka alfajiri. Maziko ni Kikoneni, baada ya Alasiri." Nikasema inna lillahi kama inavyopasa. Kisha nikabaki nikilitazama lori langu limesimama kando ya barabara, taa zinawaka, nikatambua kwamba kila kilichokuwa kikinguruma mbele yangu, kuanzia feni hadi hiyo theluji, kilichaguliwa na mtu ambaye wakati huo alikuwa akisubiri kuoshwa.

Hatukuwa marafiki, nisijipendekeze kwake sasa hivi asipoweza kunikatalia. Alikuwa mtu ninayefahamiana naye, fundi aliyewaundia kompyuta za michezo watu wenye hamu kubwa na pesa ndogo. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitabu, na malighafi yake ilikuwa kompyuta zilizostaafu kwenye mapokezi ya hoteli za Diani, zile zilizochoka kuwaandikisha wageni. Yeye alizifungua, akachagua kilicho kizima, akatafuta kadi ya picha iliyotumika, maana bila hiyo mchezo unakwenda kwa kukwamakwama, na mwisho ukaondoka na mashine inayoendesha malori. Desturi yetu ni kwamba maiti hana kasoro, ila huyu angenicheka nikiifuata. Basi niseme ukweli: alikuwa mbishi, mkali, meza yake chafu, na kahawa yake chungu kuliko dawa.

Mafundi wengine ukiingia wanakuuliza una shilingi ngapi. Yeye swali hilo aliliweka la mwisho. La kwanza lilikuwa unakaa umbali gani na bahari. La pili, umeme wenu hukatika mara ngapi kwa wiki. La tatu, wataka kucheza mchezo gani, na hapo hukuruhusiwa kujibu "yote". Kadi ya picha aliinusa kama mpishi anavyonusa samaki, akijua kwa harufu kama imewahi kuungua au imekaa sana kwenye hewa ya chumvi. Kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine alikipima kwa kiganja, na kikiwa chepesi alikirudisha kwenye boksi bila hata kukijaribu. Alisema watu huhangaika na bwana harusi wakasahau wali. Bwana harusi ni kadi ya picha. Wali ni umeme, na wageni hawali bwana harusi.

Nilimshuhudia siku moja na mpishi wa hoteli, mtu wa bara, aliyetaka mashine yenye ubavu wa kioo na taa za rangirangi ndani. Mpishi akasema, "Fundi, mi nataka ile iko na mataa, ikiwaka inakaa disco." Fundi akamtazama kwa upole, jambo lililopaswa kumtisha. "Bwana, wataka kucheza mchezo au wataka kufungua disko? Maana hayo mataa ndiyo yatakayobaki. Vyengine vyote vitakufa, mataa utabaki nayo." Mpishi akaondoka amenuna. Mimi nilicheka sana, kwa sababu nilikuwa sijajua kwamba anayefuata ni mimi.

Nilikuwa nimekuja na orodha ya kurasa tatu niliyoikusanya kwenye video za mtandaoni, video za watu wanaokaa kwenye nchi ambazo umeme haukatiki na bahari iko kwenye ramani. Nikamjibu maswali yake: nakaa Msambweni, dirisha langu linaelekea baharini, umeme hukatika utakapo. Aliisoma orodha yote, ukurasa kwa ukurasa, kwa heshima. Halafu akachukua kalamu akafuta karibu kila kitu. Badala yake akanionyesha kasha jeusi la kompyuta lililobonyea kwenye pembe, lililotoka mapokezi ya hoteli, akasema litanifaa kwa kuwa halina matundu mengi ya kuingiza upepo wa bahari, na kwamba sehemu kubwa ya pesa zangu iende kwenye kisanduku cha umeme. Mimi, mtu ambaye picha yake hutoka gazetini kila wiki, niuziwe kasha lililobonyea. Niliaga kwa adabu, nikavuka kivuko nikaenda Mombasa, nikarudi na mashine ya kioo yenye taa za rangi saba.

Hapo ningeishia ningekuwa mjinga tu. Lakini wiki ile sikuwa na cha kuandika, na mwandishi asiye na mada ni mtu hatari. Nikaandika kwenye safu hii hii kuhusu "fundi wa vyuma chakavu" anayewauzia watu jeneza akiliita kompyuta. Sikumtaja jina, kama ilivyo ada yangu, lakini mafundi wa aina yake Ukunda hawakuwa kumi. Hawakuwa hata wawili. Wasomaji walinipongeza sana kwa makala ile, na nilizipokea pongezi zote. Baadaye yule muuza vitabu aliniambia, bila kunilaumu, kwamba kwa miezi kadhaa wateja walikuwa wakipita mlangoni pa fundi wakitabasamu, na hawaingii.

Mashine yangu ya kioo iliishi hadi msimu wa mvua. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kukasikika mlio mdogo na harufu ya mpira, na skrini ikawa nyeusi. Ila taa za rangi saba ziliendelea kuwaka na kubadilika, nyekundu, kijani, zambarau, kwa furaha kubwa. Mke wangu akauliza kama ndiyo hiyo disko. Nikaifunga mashine kwenye leso yake ya kujitanda nikaipeleka Ukunda, njia nzima nikitunga maneno ya kuomba radhi. Sikupata nafasi ya kuyasema. Fundi alinikaribisha, akanimiminia kahawa, akaniuliza nakaa umbali gani na bahari, kana kwamba hatujawahi kuonana.

Aliniundia mashine mpya ndani ya lile kasha jeusi lililobonyea. Lilikuwa bado lipo pale pale, hakuna aliyelinunua, na sababu tunaijua. Alipomaliza aliniambia nikanywe maji nje, akabaki ndani kidogo peke yake, kisha akafunga ubavu wa kasha kwa skrubu nne. Akasema, "Kila baada ya miezi mitatu uifungue hapa, uipanguse chumvi kwa brashi kavu. Uifungue wewe mwenyewe, mwandishi, si mtu mwengine. Bisibisi unayo?" Nikamwambia ninayo, na kweli ninayo.

Sikuifungua. Mashine ilifanya kazi vizuri mno, na kitu kinachofanya kazi mimi sikigusi. Lakini kila nilipopita Ukunda, kabla hata salamu hazijaisha, aliniuliza, "Umeifungua?" Nami nikajibu, "Nimeifungua, fundi." Hapo alikuwa na tabia ya kunitazama mikononi, mkono huu kisha ule, halafu akasema, "Basi, vyema." Nilidhani anatafuta vumbi kwenye kucha. Tuliendelea hivyo miaka minne. Katika miaka hiyo nilikusudia kuandika makala ya pili, ya kumsafisha, na kila wiki palitokea jambo la dharura zaidi: mashimo ya barabara, bei ya nguru, wagombea wanaotuamkia shikamoo mwaka wa uchaguzi tu. Nilikuwa namwonea haya, hilo ndilo lililonizuia. Mengine yote ni visingizio.

Siku hizi unaagiza kompyuta kwa simu na inafika kwako imefungwa vizuri kuliko zawadi ya harusi. Hakuna anayekuuliza bahari iko wapi. Watu wa mtandaoni wana adabu, wanakupa kila unachotaka, na sitashangaa tukizidi kununua kila kinachowaka. Sisemi tu kuhusu kompyuta. Tunajenga zahanati zenye vigae vinavyong'aa halafu tunakumbuka maji hayajafika, na tunamchagua kiongozi kwa wingi wa taa alizofunga kwenye gari lake. Anayetuuliza kuhusu wali tunamwona mshamba. Fundi alikuwa miongoni mwa watu wachache ninaowajua ambao kazi yao ilikuwa kukunyima kitu kwa faida yako, na kazi hiyo haina shukrani. Nani anajua hayo kuliko mimi, niliyemlipa kwa kumchekesha mji mzima?

Kikoneni tulikuta watu wengi. Wazee wa kwao walidhani alikuwa fundi wa redio, na hakuna aliyewasahihisha. Yule mpishi wa hoteli alikuwepo, kanzu ya kuazima imemwishia magotini. Niliambiwa alirudi kwa fundi mwaka ule ule, akiwa na mataa yake tu, vyengine vimekufa. Baada ya udongo kusawazishwa sheikh aliomba dua, kisha akatuambia kama yupo aliyekosewa na marehemu, amsamehe. Tukaitikia kwa pamoja kwamba tumemsamehe. Sauti yangu niliisikia mwenyewe, kubwa na yenye kujiamini. Hapo ndipo nilipoona aibu hata nikainamisha kichwa, kwa sababu mimi sikuwa na cha kumsamehe mtu yule, na wa kunisamehe nilikuwa nimesimama juu ya udongo wake.

Asubuhi ya pili nilichukua bisibisi. Sikuwa na jambo jingine la kumfanyia, basi nikasema walau nitimize alichoniagiza. Skrubu zilikuwa zimeanza kushika kutu, nikazibembeleza moja moja. Ubavu ulipotoka, chumvi ilikuwa imetanda juu ya feni kama unga. Na upande wa ndani wa ule ubavu, umebandikwa vizuri kwa utepe mahali pasipofikiwa na feni, ulikuwepo ukurasa wa gazeti. Ilikuwa makala yangu ya fundi wa vyuma chakavu, picha yangu inatabasamu. Pembeni alikuwa ameandika kwa kalamu: "Mwandishi, nimecheka sana. Jeneza ndilo hili, na wewe ndiwe uliyemo. Sina neno nawe. Siku ukiiona karatasi hii njoo na kashata, kahawa ninayo."

Kumbe miaka minne nilipokuwa nikimwambia nimeifungua, yeye alijua sijaifungua. Alikuwa akinitazama mikononi kuona kama nimebeba kashata.

Wasomaji wangu, makala ya pili ndiyo hii. Fundi yule hakuuza vyuma chakavu. Alichagua vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na mimi nilimdhulumu hapa hapa mnaposoma. Kama mna kitu mlichoambiwa mkifungue, barua, mlango, au mazungumzo na ndugu mliyemkosea, kifungueni leo, maana msamaha wangu ulikaa nyuma ya skrubu nne, hatua mbili kutoka kiti changu, na bisibisi ilikuwa kwenye droo. Jana nilikwenda Ukunda na kashata za nazi kwenye kipande cha gazeti. Mlango wa karakana umefungwa kwa kufuli. Nilisimama pale mbele nikazila zote peke yangu, bila kahawa.