Kengele Aliyomnunulia Mama

Ndeti wa Kasiva hakujua kukaa. Akiketi, goti linacheza. Akisimama, macho yako barabarani. Majirani wa upande ule wa Lukenya, ambako reli ya zamani hupita, walimwita kiguu na njia, ingawa njia yenyewe hakuwahi kuifuata mbali. Alitengeneza pikipiki chini ya mabati mbele ya nyumba ya mama yake, na kila mteja alisikia habari zile zile: kwamba mahali pake hasa ni Mombasa, kwamba Erastus aliyesoma naye ana gereji kubwa huko na anamngoja, kwamba kinachomzuia ni mama.

Na kweli, masikio ya Kasiva, mama yake, yalizeeka kabla ya miguu yake. Kila siku mama huyu alivuka reli kwenda shambani. Treni za mizigo hazina saa. Wiki nzima kimya, halafu mbili kwa asubuhi moja. Kivukoni hapana lango wala mlinzi. "Nikienda, nani atamwambia treni inakuja?" Ndeti aliwauliza watu, nao wakatikisa vichwa kwa huruma.

Sasa Erastus akapiga simu: nafasi ni mpaka Jumatatu, baada ya hapo anachukua mtu mwingine. Ndeti hakula akashiba tena. Alizunguka huku na huko kama kuku anayetaka kutaga, hadi miguu ikamfikisha Athi River, kwenye yadi ya vyuma vikuukuu ya bwana aitwaye Rodgers. Hapo akaiona kengele ya kivuko cha reli, ya zamani, bakuli zito la chuma juu ya kisanduku.

"Hii ilitoka kwa reli ya ndani ya kiwanda fulani, kilifungwa," Rodgers alisema. "Si ya wizi."

Aliitamani papo hapo, lakini alinunua kifundi. Aligonga bakuli kwa kifundo cha kidole asikie kama lina ufa, likalia safi. Akafungua kisanduku: waya za shaba bado zimezungushwa vizuri, panya hawajazigusa. Rodgers akaleta betri ya gari.

"Angalia hapa. Moto wa betri ukiingia, hizi waya zinakuwa sumaku. Sumaku inavuta nyundo, nyundo inagonga. Ikigonga tu, hapa panaachana, moto unakatika, springi inarudisha nyundo. Ikirudi, panashikana tena, inavutwa tena."

"Haipumziki?"

"Itapumzika aje na iko na moto?"

Akaunganisha. Kengele ililia mpaka watu wa yadi nzima wakageuka. Ndeti alicheka peke yake: hii hata mama angeisikia.

"Na nani alikuwa anaiwasha?"

"Treni yenyewe. Magurudumu yanaunganisha reli hii na ile, swichi inaanguka, kengele inalia. Lakini wewe usiguse reli ya serikali, utafungwa."

Ndeti hakushindwa na hilo. Aliisimamisha kengele kwenye mlingoti ndani ya shamba lao, hatua chache tu kutoka kivukoni, akavuta waya hadi dukani kwa Mwelu, jirani ambaye hatoki dukani kutwa. Mwelu akapewa swichi: akisikia treni, abonyeze. Kuuliza si ujinga, na Ndeti aliuliza kila mtu kila jambo. Mwenye kuvuka, mama yake, ndiye pekee ambaye hakumwuliza.

Jumamosi treni ikaja. Mwelu akabonyeza, kengele ikapiga kelele za kuamsha wafu. Kasiva alikuwa anatoka shambani na kiondo mgongoni. Alifika karibu na reli, akasimama. Treni ikapita, mabehewa yote, yeye amesimama vilevile. Ndeti alitoka mbio, machozi yanamlenga.

"Mwaitu! Umeisikia!" alimpigia mama yake kelele.

"Kusikia nini?" mama akauliza, na kengele bado inagonga juu ya kichwa chake.

Ndeti akaonyesha kwa kidole. Kasiva akatazama juu, akaona nyundo inavyohangaika, akasikitika kidogo.

"Hiyo ndiyo imekunyima usingizi? Mimi huwa naangalia, mwana wakwa. Hapa reli imenyooka mpaka kule mlimani. Treni naiona ikiwa bado mbali kabisa. Nani alikuambia navuka na masikio?"

Ndeti aligeukia dukani. Alimpungia Mwelu mkono azime.

"Watu huniambia," mama aliendelea. "Ati mimi ndiyo nimekufunga hapa. Nikanyamaza, nikasema labda bado unatafuta nguvu. Sasa niambie. Unaogopa nini?"

Ndeti akasema kitu akitazama chini.

"Sikusikii. Ongea kwa nguvu."

Pale dukani Mwelu alikuwa mlangoni, na wateja wawili nyuma yake. Ndeti aliwaona. Akaangalia barabara, akaangalia mama, na kwa mara ya kwanza magoti yake yakatulia.

"Naogopa nifike huko nikuwe fundi wa kawaida tu!" alipaza sauti, ikasikika hadi ng'ambo ya reli. "Hapa angalau nasema ningeenda, ningekuwa mkubwa!"

Hakuna aliyecheka. Kasiva akaweka kiondo chini, akamshika mwanawe mkono kama aliyemsikia vizuri siku zote.

"Basi enda ukuwe wa kawaida," akasema. "Jumatatu nakupeleka steji ya basi mimi mwenyewe."