Kikombe ya Meno ya Bwana Yangu

Kuko musumeno moya ya muviringo, iko kama kikombe yenye meno ku mudomo. Mafundi banaiita scie cloche. Unaifunga ku perceuse, mashini ya kutoboa, inazunguka, inakata tundu ya serire, ile kufuli ya ndani, mu mulango. Mie sikusoma sana, masomo niliachia mu ya tatu, lakini ile kikombe ninaijua kuliko bale benye kuiuzisha. Ile ya bei ya chini ninaijua zaidi, juu ilinikula roho.

Bwana yangu alikuwaka fundi mu atelier, karakana ya mugodi. Siku alitoka ku kazi kwa uzee, benzake baliondoka na zawadi, sahani na saa ya ukuta. Yee alileta kipande ya bomba ya chuma, nzito, chafu. Juma muzima alikaa pembeni ya mbabula, jiko yangu ya makala, mie napika bukari, ugali wetu, yee anachonga meno ku ile bomba na tupa, jino kwa jino. Akaitia mu makala ya moto mpaka ikawa nyekundu, akaizimisha mu mafuta ya zamani ya motere. Nikamuambia: "Unaniharibia harufu ya mboga." Akajibu: "Mboga itaisha leo. Hii itakuzika."

Yee njo alitangulia kuzikwa. Ile kikombe ilibakia kutundikwa ku musumari, na atelier yake ndogo ya mbao mu lupango, mu kiwanja yetu, nikaishika mie. Batu balicheka, eti mujane na randa. Nikabaachia bacheke. Milango yangu ilienda mpaka ku villa za Golf, mutaa ya batajiri, na hakuna hata moya ilirudishwa.

Sasa mujukuu wangu wa kwanza akachumbiwa. Ni yule mwenye kusoma ku université ya Kasapa, mwenye mudomo yangu na macho ya babu yake. Nikasema mulango ya mbele ya nyumba yake itatoka kwangu. Babu yake aliacha mbao za mulombwa, muti nguvu kama chuma, chini ya malata ya paa, zimekauka miaka na miaka, akaniambia hizi hapana kuuzisha. Kwetu, siku bibi-arusi anaingizwa, mama-mukwe njo anafungua mulango kwa mukono yake mwenyewe, mbele ya bantu yote. Serire ikicheza, jina ya ukoo inacheza nayo.

Mu ile juma akaingia commerçant wa mutaa yetu, mwenye duka ya vyombo vya kazi. Vitu vyake vinapitia ku mupaka ya Kasumbalesa, vinafika vinang'aa. Kijana mwenye umri ya mutoto wangu wa mwisho, sauti yake asali tupu, kila bibi muzee anamuita Kambo.

"Kambo yangu, ungali unatumika na hii kutu?"

"Hii kutu ilitoboa milango mbele weye unazaliwa."

"Nionee huruma, Kambo! Mulango ya arusi na chuma ya makaburi? Niachie hii, nitakupa sanduku muzima. Vikombe kumi na mbili, vipya."

Akafungua sanduku. Nyekundu, na ndani vikombe vimelala kwa ukubwa wao, kama batoto ku kitanda kimoya. Ujinga wangu njo huu, siufiche: nilifikiri kwa bibi-arusi mupya inafaa chombo mupya. Nikashusha ile bomba ku musumari, nikamupa kwa mukono yangu.

Kisha mwezi moya, mulango ikiisha kupigwa randa, nikafunga kikombe mupya ku perceuse. Mulombwa haina muchezo. Ilianza kutoa moshi, harufu ya nywele inaungua. Kikombe ikaruka nje ya alama, ikarudi, ikaruka tena. Niliposimamisha, meno yalikuwa yamelala upande moya, sawa bantu ba ulevi ku kilio. Nikaweka ya pili, ikapasuka. Tundu ikatoka na sura ya yai, makali yake meusi. Serire niliingiza, ikacheza ndani kama jino ya mutoto. Nikakaa chini mu maranda, nikatukana mpaka mate yakaisha. Arusi ilibakiza juma mbili.

Fundi jirani akapita, akaangalia, akatikisa kichwa.

"Mama, kwa nini hukutumika na ile ya muzee?"

"Niliibadilisha na hii takataka."

"Ah! Njo maana iko kule dukani. Sisi tunaikodi pale, kila tukiwa na mulombwa. Yule commerçant anasemaka hakuna ingine mu mutaa."

Damu ilinipanda mpaka mu masikio. Alijua! Aliita kutu kintu alikuwa anakitamani.

Sikuenda siku ile. Nilingojea siku ya posho, ni kusema jumamosi, juu posho mafundi banajaa pale dukani kama nzi ku muhogo. Nikavaa kitenge yangu ya kanisa, nikabeba sanduku nyekundu na kipande ya mulombwa ku kichwa, nikavitupa juu ya meza yake. Buu!

"Karibu, Kambo yangu."

"Mie si Kambo yako. Toboa."

"Nini tena?"

"Chagua kikombe mu hii sanduku weye mwenyewe, mupya kabisa. Ikipita hii mbao, nitakuosha miguu hapa, mbele ya haba bapapa. Isipopita, unanirudishia bomba ya bwana yangu."

Akacheka, akaangalia kushoto na kuume. Fundi moya akapiga kelele: "Toboa, patron! Ao unaogopa vyombo vyako mwenyewe?" Mwingine: "Lete maji, moto inakuja!"

Akatoboa. Haikufika hata nusu. Moshi ikajaa duka, meno yakalala, yee jasho mu macho. Mafundi balicheka mpaka bakashikana mabega. Mie sikucheka. Nilinyoosha mukono. Akaenda nyuma, akaleta bomba, nikaipangusa na kitenge mbele ya macho yake kama mutu anapangusa mutoto aliyeshikwa na bachafu. Sanduku nayo nikarudi nayo.

Mulango niliiponyesha. Nilikata ile yai yote, nikapachika kipande ya mulombwa yenye pembe ine, nikatoboa mupya. Bomba ilipita taratibu, bila moshi. Siku ya arusi mama-mukwe alifungua mara moya tu, tik, akauliza nani alichora lile pambo ya pembe ine, ya muzuri vile. Nikamuambia: "Babu."

Ukiniuliza kama zile za bei ya chini zinafaa: kwa futu, pipa ya plastiki yenye kutaka robinet ya maji, zinafaa, yangu nilitoboa na ile kikombe ya mukubwa. Kwa triplex, ile mbao nyembamba ya kubandikwa, pia. Nunua, lakini jina yako usiziachie ku mbao ngumu.

Na yule commerçant? Mwaka uliofuata akajenga. Mulango ya mulombwa, eti. Akanitumia mama yake kuomba bomba. Nikamupa mama kiti, maji, bukari na samaki, yee hakunikosea. Kisha nikamufungia sanduku nyekundu mu kitambaa safi.

"Mupelekee mutoto wako. Vimebakia vikombe tisa."

Kila siku ya mungu, nikienda kanisani, ninazungukia barabara ya nyumba yake mupya. Ni mbali, magoti yananiuma. Lakini ninapita pole pole, niangalie ile mulango yake ya muzuri, yenye tundu ya sura ya yai, inafungwa na waya.