Shangazi Temaleti na swali lisiloulizwa mbele ya kaka

Saa nane mchana, Jumapili. Ibada imekwisha na joto la Februari limegonga nyuzi arobaini. Temaleti Moala, mwenye miaka 71, anashuka garini mbele ya nyumba ya mabati pembezoni mwa Robinvale, mji wa mashamba ya zabibu nchini Australia. Mkono mmoja umebeba sinia la majani ya magimbi yaliyofungiwa nyama ya kopo, mwingine umeshika mkoba wa vipimo. Bado amejifunga mkeka wa kiunoni aliovaa kanisani, vazi la heshima kwao Tonga, visiwa vya Pasifiki.

Humo wanaishi wachuma zabibu kumi na wanne kutoka Tonga, watano kati yao wanawake. Choo ni kimoja. Kila godoro ni dola 130 kwa wiki.

Temaleti hafungui mkoba. Kwanza anauliza nani ni kaka wa nani humu ndani, na kwa Watonga binamu ni kaka vilevile. Wanaume wakishajitaja, kila mmoja anachukua chakula chake na kutoka.

"Kaka akiwa ndani, dada haumwi popote," anasema. "Kichwa hakiumi, tumbo haliumi. Mzima kabisa."

Alitoka kisiwa cha Vava'u, Tonga, mwaka 1978, akasomea uuguzi, akafanya kazi wodini miaka 36. Tangu astaafu, kila Jumapili huzungukia wale waliolikimbia shamba lililowaleta. Ukishaondoka shambani, bima na kibali cha kazi vinakufa siku hiyohiyo, na hospitali unaiogopa kama polisi. Mafuta ya gari anatoa kwenye pensheni yake.

Watoto wake wanamsihi apumzike. "Nawauliza, mnakula zabibu? Wanasema ndiyo. Basi niacheni," anasema, na hapo hatanii.

Kuna jambo lingine linalomtoa nyumbani, na analisema akiwa ameinamisha kichwa. Mwaka 2009, kijana mmoja alimleta wodini dada yake, Lupe, wa miaka 23, akilalamika tumbo. Siku hiyo Temaleti alikuwa anashika wodi mbili peke yake. Alifungua fomu akauliza palepale, kaka amesimama kando ya kitanda: una mimba? Unatokwa damu?

Lupe akajibu hapana, mara mbili. Kaka mtu akatazama sakafu. Lupe akapewa dawa za maumivu, akaruhusiwa. Baada ya siku mbili alirudishwa amekufa. Mimba ilikuwa imepasukia kwenye mrija wa uzazi.

"Mimi ni Mtonga," anasema Temaleti. "Mama yangu hakuwahi hata kutaja neno kitanda mbele ya kaka yake. Nilijua, nikauliza tu, kwa sababu fomu ilitaka jibu. Yule binti hakunidanganya. Nilimziba mdomo mwenyewe."

Jumapili hii, katika nyumba ya mabati, wa mwisho kusogea ni Luseane, wa miaka 26. Anasema ni kichwa tu. Lakini jamani, joto lote hili amevaa gauni pana na mkeka ameuzungusha mara mbili. Miguu haiingii kwenye kandambili.

Mashine ya presha inasoma 172 juu, 114 chini. Temaleti anaweka kiganja tumboni, anatulia. Miezi saba. Anamuuliza kama anaona nyota mbele ya macho. Luseane anaitikia kwa kichwa.

Kifafa cha mimba kinabisha hodi, na Temaleti haoni sababu ya kumficha. Anamwambia waziwazi kwamba asipofika hospitali leo, huenda asiione kesho.

"Siwezi, Shangazi," Luseane anasema. "Semisi yuko pale nje. Akijua, uso wangu nitauficha wapi?"

Semisi, wa miaka 34, ni mtoto wa mjomba wake. Wamelelewa ua mmoja, na ndiye mkuu wa nyumba hii. Luseane anasema heri afe kuliko kupita mbele yake na tumbo hilo, na anavyolisema, si maneno ya kutishia.

Temaleti anatoka nje. Wote wanamwita Shangazi, na kwa Watonga dada wa baba hapingwi na mtu. Angeweza kuamuru. Badala yake anakaa kwenye kreti karibu na Semisi, anasifu zabibu, analaumu jua, kisha anasema mgongo unamsumbua siku hizi, anahitaji msichana wa kumsindikiza mjini, labda kwa siku kadhaa.



"Mchukue Luseane," anasema Semisi. "Abebe na nguo za kubadili."

Kisha anawaita wanaume wote nyuma ya nyumba kutazama gari ambalo halina kasoro yoyote. Luseane anapita mlango wa mbele bila kuonwa na mtu.

Hospitali ndogo ya mji iko mwendo wa dakika kumi. Ndege ya wagonjwa ilimpeleka Melbourne jioni hiyohiyo, akapatwa na degedege angani. Mtoto, wa kiume, alizaliwa na uzito wa kilo moja na robo. Aliishi saa kumi na tisa.

Luseane alipona, ingawa jicho la kushoto linaona ukungu hadi leo. Maziko yalifanyika Robinvale, watu wasiozidi ishirini. Semisi alifika wa mwisho, amevaa mkeka mkubwa uliochanikachanika, kutoka kifuani hadi magotini. Mkeka wa namna hiyo, kwenye msiba wa mtoto, mjomba ndiye huuvaa. Luseane alipomwona alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu hospitali.

Temaleti naye alilia, kwa uchungu na kwa hasira. "Kumbe alijua tangu mwanzo. Sisi sote tulikuwa tunajua, tumekaa tunaheshimiana, mtoto anakufa."

Baada ya hapo alimwomba mchungaji ukumbi wa kanisa, Jumamosi jioni, wanaume watupu. Mpango wake ni kuzungukia miji yote ya zabibu kabla msimu haujaisha, kuwafundisha makaka dalili za hatari na namna ya kumwita yeye bila kutaja jina la dada. Simu ilie mara moja, ikatwe. Atakuja. Hatauliza kitu.

Wiki ya kwanza walikuja thelathini na mmoja. Alizungumza juu ya miguu kuvimba, kichwa kisichoacha kuuma, macho kuona nyota. Alipomaliza, Semisi alinyanyuka safu ya nyuma.

"Shangazi, kaka akiiona miguu hiyo, akanyamaza wiki mbili kwa heshima," aliuliza, "anakuwa amechelewa?"

Ukumbi mzima uliinamisha vichwa. Temaleti alitamani kumdanganya. Anakiri hivyo mwenyewe.

"Amechelewa, mwanangu," alimjibu.

Semisi aliketi. Kijana aliyekuwa mbele yake akatoa simu mfukoni, akaomba atajiwe namba ya Shangazi polepole, aiandike.