Kezia wa Huruma hupanga mapambo ili mkono uyaone

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, nyumba ya Hibo iliyo ghorofa ya tatu mtaani Eastleigh imefurika wanawake. Shangazi wanatafuta pasi, wasichana wanagombea kioo cha bafuni, na moshi wa uunsi unapanda kutoka kwenye chetezo hadi mapaziani. Leo ni harusi ya Iqra, kifungua mimba wa nyumba hii.

Katikati ya vurugu hiyo, mwanamke mfupi aliyejifunga leso ya kijani amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, cha nyanya wa nyumba hii, hataki masihara na mtu. Msichana mmoja anajaribu kupenya.

"Auntie, nachukua tu wanja wa Ayeeyo. Dakika moja!"

"Hapana, mwanangu. Kaazime kwa bibi harusi. Humu leo hakuna kinachotoka."

Huyo ndiye Kezia Wesonga, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, mama wa watoto watatu na mkazi wa Huruma. Kazi yake ni kupanga mapambo na vipodozi vya watu majumbani mwao. Mumewe, Phares, alipoisikia kazi hiyo mara ya kwanza alicheka hadi akaketi chini.

"Aliniuliza, 'Yaani mtu mzima na akili zake akulipe umtenganishie hereni?' Nikamwambia, wewe ngoja. Siku hizi karo ikilipwa hacheki tena," anasema Kezia, mkono kiunoni.

Alianza kwa kufua nguo, shilingi mia tano kwa siku, tena siku akiitwa. Leo ana wateja katika nyumba kumi na nne, kutoka Eastleigh hadi Kayole, na meza moja ya kujipambia humpa kati ya shilingi elfu moja mia tano na elfu tatu.

Hata usipomuuliza, atakufundisha. Rangi ya midomo isikae dirishani, jua litaiyeyusha. Kopo la vito vya fedha litiwe kipande cha chaki, visiingie weusi. Uunsi na bangili visilale chumba kimoja. "Na krimu ikibadilika harufu, tupa! Usiionee huruma kwa sababu ya bei. Uso utanunua wapi?"

Ukimsikiliza utadhani alizaliwa akiyajua haya. Wapi! Kazi hii Kezia aliianza kwa aibu, na aibu yenyewe ilitokea jikoni mwa nyumba hii hii.

Ni miaka sita sasa. Ilikuwa wiki yake ya kwanza kumfulia Hibo, akaombwa awapikie watoto chakula cha mchana. Jikoni akaona kopo la unga wa kijani, halina jina. Akanusa, akasikia majani makavu. Kwao Butere, mamake hukausha mboga ya mrenda akaitwanga vivyo hivyo. Kezia akafurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao. Akatia vijiko vitatu kwenye sufuria ya mboga, akakoroga.

Mboga ikatoa povu. Povu likapanda, likafunika mwiko, likamwagika hadi sakafuni. Watoto wakakimbilia varanda wakipiga kelele.

Kumbe ulikuwa qasili, unga wa majani ambao wanawake wa Kisomali hujipaka usoni na kuoshea nywele. Mara sauti kutoka chumba cha nyuma ikauliza kwa ukali, "Nani anapika uso wangu?"

Sauti hiyo ilikuwa ya Kaha, mamake Hibo, ambaye nyumba nzima humwita Ayeeyo, yaani nyanya. Wakati huo presha ya macho ilikuwa imeshampunguzia nuru, na povu hakuliona. Pua ndiyo iliyomwambia.

"Nilijua kazi imekwisha," Kezia anakumbuka. "Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Ayeeyo akaja akipapasa ukuta, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Akasema, 'Kosa si lako, mama. Kosa ni la kopo kukaa jikoni.'"

Alasiri hiyo Kezia akaomba ruhusa ya kupanga upya vipodozi vyote. Hibo, ambaye huuza bidhaa za urembo kwa jumla na nyumbani kwake mlikuwa kama stoo, akakubali bila kufikiri. Jirani akaja kuazima sukari, akaona droo, akasahau sukari. Wiki iliyofuata alimwita Kezia kwake.

Lakini Kaha mwenyewe aliendelea kufifiwa na macho, mpaka yakazima kabisa. Na Kaha si mtu wa kuonewa huruma. Ana miaka sabini na minne na ulimi wa wembe, na hupenda kujipamba kuliko wajukuu zake. Miaka mitatu iliyopita alijivalia mwenyewe akaenda harusini.

"Nilikwenda na hereni mbili zisizojuana," anasema Kaha, akisonya. "Na wanja umenifika shavuni. Hakuna hata mmoja aliyeniambia. Nilisikia wasichana wakicheka, nikajua kicheko ni changu."

Tangu siku hiyo harusi saba zimempita akiwa kitandani. Hibo alipojitolea kumpamba, alimfukuza chumbani. "Mimi si mtoto wa kuvalishwa," akamwambia.

Siku ya Iqra ilipopangwa, Kaha alisema atamwombea dua akiwa nyumbani. Iqra alilia siku mbili, hali wala hanywi. Hapo nyanya yake akalegea kidogo na kutoa sharti: atakwenda, mradi ajipambe kwa mikono yake, na asiguswe na mtu. Hibo akampigia Kezia simu. Walikuwa na miezi miwili kabla ya harusi.

Kezia akaja na sifa zake zote. Akapanga kwa rangi na kwa kimo, meza ikapendeza kama dirisha la duka. Kaha akapapasa huku na huku, akaangusha chupa ya manukato. Kisha akasema, "Umejipangia wewe."

"Ilinichoma, sikufichi," anasema Kezia. "Nikaenda nyumbani na hasira. Lakini njiani nikajiuliza, amedanganya? Hakudanganya."

Kesho yake alirudi, akajifunga leso machoni, akaketi kwenye kiti cha Kaha. "Nikajipaka mafuta ya nywele midomoni. Mayoo! Ayeeyo ananisikia natema, anacheka tu. Hapo ndipo nilipoanza kazi."

Sasa vitu vinafuatana katika makopo kutoka kushoto kwenda kulia, kwa jinsi Kaha anavyojipamba: mafuta, wanja, rangi ya midomo, manukato. Wanja umefungwa mpira mmoja wa kufungia noti, rangi za midomo mipira miwili. Kila jozi ya hereni imepitishwa kwenye matundu ya kifungo kimoja cha koti, zisipotezane. Bangili zimevishwa mti wa kusukumia chapati uliosimamishwa wima. Na lile kopo la qasili limegandishwa msasa kwenye kifuniko, likwaruze kidole cha yeyote mwenye nia ya kulipeleka jikoni.

Kioo nacho kipo. Hibo alikuwa amekiondoa akidhani hakina kazi tena, na Kaha akaamuru kirudishwe. "Nikijipamba nakaa mbele ya kioo," alisema. "Kuona ni jambo lingine."

Saa nne, Kaha, ambaye tangu alfajiri amejifungia akiswali na kuvaa dera lake la harusi, anafungua mlango. "Kezia, ingia. Simama huko. Usiguse kitu."

Hibo na shangazi wawili wanajipenyeza nyuma yake. Kaha anaketi. Mkono wa kushoto unapita kwenye mafuta, unafika mahali pa wanja. Hapana kitu.

Kumbe kuna mtu aliuazima usiku, akaurudisha anakojua yeye. Kezia anauona: umelala katika kopo la tatu, kati ya rangi za midomo. Hibo pia anauona na kufungua kinywa. Kezia anamkazia macho, naye anafunga. Mikono ya Kezia iko nyuma ya mgongo. Miezi miwili yote iko kwenye kopo lile, na akisema neno moja Kaha atarudi kitandani.

"Humu mna mwizi wa wanja," anasema Kaha.

Vidole vinasogea hadi kopo la tatu. Mipira miwili, anaacha. Mipira miwili, anaacha. Mpira mmoja. Anautoa, anafungua, ananusa.

"Ulikwenda kutembea kwa jirani, eh?" anauambia wanja, na chumba kizima kinapumua.

Baada ya robo saa anageuka. Wanja umenyooka, dhahabu imetulia shingoni.

"Hereni zinajuana?"

"Zinajuana, Ayeeyo," anajibu Kezia. Iqra anaingia mbio akilia kwa furaha, na vigelegele vinapigwa mpaka majirani wa ghorofa ya pili wanajibu.

"Nimepanga meza nyingi," anasema Kezia akifuta macho. "Lakini hii, hata nikifa leo, andika kwamba niliipanga mimi."

Habari zimeshaanza kutembea. Mama Kavindu wa Kayole, ambaye macho yake yanafifia, ameagiza apangiwe wiki ijayo. Kezia anaweka akiba ili kabla ya mwaka kwisha akodishe chumba kimoja Huruma na kuwafundisha wanawake sita wanaofua kama alivyokuwa akifua yeye. Somo la kwanza keshaliamua: kila mmoja atafungwa leso machoni.

Mchana magari yanapiga honi barabarani. Kaha anatembea peke yake, kichwa juu, anapita sebuleni, anawapita wale wasichana, anafika mlangoni. Hapo anasimama.

"Kezia! Ngazi hukunipangia. Lete mkono."

Kezia anampa mkono ule aliouficha mgongoni asubuhi, na wanashuka pamoja.