Samaki Aliyefutwa Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika jumba la makumbusho hapa London, msimamizi alinipa brashi ya manyoya laini na amri moja: sanamu haishikwi kichwa chake wala mkono wake, hubebwa kwa viganja viwili, kimoja kikiwa chini. Hilo nililijua tangu utotoni. Mama yangu alikuwa mfinyanzi kule Usangi.

Nilifuta vumbi miaka ishirini na miwili. Nilichokipenda kuliko vyote ni sanamu ndogo ya Kijapani, mtoto mnene wa udongo aliyekumbatia samaki mwekundu. Rangi yake ilipakwa baada ya udongo kuchomwa tanuruni, ikashikwa na gundi tu. Rangi ya namna hiyo haitaki maji hata tone.

Asubuhi moja mpiga picha alikuwa akingoja. Mkuu wa idara, msomi wa sanaa za Asia, akaona vumbi kwenye samaki, akachukua kitambaa changu kibichi cha kufutia vioo.

"Usitumie maji, bwana," nilimwambia. "Rangi itatoka."

"Asante, Nakijwa. Hii ni kazi yangu."

Akafuta mara moja tu. Kitambaa kikawa chekundu, samaki akabaki na ubavu mweupe.

Wiki ile ile nililetewa kadi ya hali, ile inayoandikwa kila jeraha la kitu. Ilisema rangi imefutwa kwa maji na mfanyakazi wa usafi. Nikatakiwa kutia saini. Mwenzangu Furaha, Mkongo wa Bukavu, akanivuta kando.

"Dada, weka signature tu, iishe. Manager akikuchukia atakukatia shift."

Furaha hakuwa na ubaya, aliogopa. Mimi sikusaini. Kadi ikarudishwa kabatini hivyo hivyo, na uongo wake.

Naandika haya kwa hasira, wala siombi radhi. Siku niliyostaafu, mkuu yule yule alisimama mbele ya keki akaisifu mikono yangu makini. Nikamwomba zawadi moja: aifute sentensi ile ya kwenye kadi.

"Kumbukumbu hazifutwi, Nakijwa," alisema, kwa upole kabisa.

Samaki ndiye wa kufutwa, basi.

Ninyi mnaoanza kazi hii, mkiandikiwa uongo msitie saini, hata mkibembelezwa. Na mkipita kwenye kabati la kioo la sanamu ile, mtazameni mtoto. Bado amemkumbatia samaki wake mwenye ubavu mweupe. Mkono uliomfuta haukuwa wangu.